Jinsi ya kuhoji takwimu za ajali zinazotangazwa na polisi: mwongozo kamili kwa wakazi wa Mtwara na Lindi

Kila kamanda anapokutana na waandishi na kusoma idadi ya ajali, simu yangu inajaa ujumbe. Nusu wanasema "hawa wanatudanganya". Nusu nyingine wanaisambaza asilimia ile ile kwenye magrupu ya WhatsApp kama ilivyosomwa. Wote hawajauliza kilichohesabiwa ni nini. Na wale wachache wanaojitosa kwenda kituoni hurudi mikono mitupu, kwa sababu wameenda na swali la ugomvi, au swali pana kama bahari: "tunataka ukweli kuhusu ajali."

Niseme mapema nilipo. Kwa uzoefu wangu, namba inayosomwa huwa ndiyo iliyomo kwenye vitabu vyao. Tatizo liko kwenye sentensi iliyovishwa namba hiyo. Kwa hiyo hapa tutaihoji sentensi. Hesabu za darasa la saba zinatosha.

## Vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Video, sauti au maandishi kamili ya tangazo lenyewe.
- Kaunta buku na kalamu. Simu inapotea, inaibiwa, inaingia maji.
- Kikokotoo cha simu chenye alama ya kipeuo cha pili (√). Kwenye simu nyingi ukiilaza simu, alama hiyo inajitokeza.
- Idadi ya watu ya sensa. Mwaka 2012 Mtwara ilikuwa na watu 1,270,854 na Lindi 864,652. Mwaka 2022 Mtwara ilifika 1,634,947 na Lindi 1,194,028.
- Taarifa za mwaka za uhalifu na usalama barabarani zinazotolewa na Polisi pamoja na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Pakua za miaka mingi kadiri utakavyopata.
- Subira ya mwezi mmoja. Utaona sababu yake kwenye hatua ya 7.

## Hatua ya 1: Pata maneno kamili

Usianzie kwenye kichwa cha habari wala kwenye picha iliyosambazwa. Sikiliza tangazo, andika sentensi nzima yenye namba, kisha tafuta ndani yake vitu vinne: kimehesabiwa nini, wapi, kuanzia tarehe gani hadi gani, na kinalinganishwa na nini.

Chukua sentensi hii niliyoitunga, ingawa masikioni mwako haitakuwa ngeni: "Ajali zimepungua kwa asilimia 23 kutokana na jitihada za jeshi letu." Kilichohesabiwa ni ajali. Eneo halikutajwa. Kipindi hakikutajwa. Kinacholinganishwa nacho hakikutajwa. Halafu kuna kitu cha tano kimejipenyeza: "kutokana na". Hicho tutakirudia.

Tahadhari. Angalia kama wanazungumzia mwaka wa kalenda au mwaka wa fedha, unaoanza Julai na kuishia Juni. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika kwa mbwembwe kwamba ajali za Lindi zimeshuka kwa nusu. Kumbe namba moja ilikuwa ya miezi 6 na nyingine ya miezi 12. Mwalimu mmoja mstaafu akanipigia: "Mwanangu, umeukata mwaka vipande viwili, halafu unashangaa umepata nusu." Sikuwa na la kujibu zaidi ya shikamoo.

Utajua umefaulu ukiwa na sentensi moja daftarini, na mbele yake nafasi wazi kwa kila kilichokosekana. Nafasi hizo ndizo maswali yako ya mwanzo.

## Hatua ya 2: Tenganisha ajali, vifo, majeruhi na makosa

Haya ni mambo manne, na hayapandi wala kushuka pamoja.

Vifo ndiyo namba ngumu kuifinyanga, kwa sababu maiti haifichiki kirahisi. Majeruhi ni namba laini. Ajali ni laini zaidi. Makosa, yaani idadi ya madereva waliokamatwa na kutozwa faini, si kipimo cha usalama hata kidogo. Ni kipimo cha kazi waliyofanya trafiki. Wakiongezwa trafiki kumi barabara ya Mingoyo, makosa yatapanda hata kama madereva wamekuwa malaika.

Kwa nini ajali ni laini? Siku moja karibu na soko, pale Mtwara mjini, bajaji ilimgonga mama aliyebeba beseni la samaki. Samaki wakatapakaa kwenye lami, mama akachubuka mkono na goti likavimba pale pale. Dereva akashuka akiwa ameshika kichwa, akaomba radhi, wapita njia wakasuluhisha. Akatoa noti mbili za elfu kumi, akampakia huyo huyo mama hadi zahanati, na mtoto mmoja akaachiwa kazi ya kufukuza paka. Hakuna aliyeita trafiki, hakuna aliyekwenda kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi. Kwenye vitabu, siku ile pale hapakuwa na ajali wala majeruhi.

"Kuyamaliza" ndiyo desturi yetu, wala siilaumu. Ila ina maana kwamba idadi ya ajali inapopungua, huenda zimepungua kweli, au watu wameongeza kuyamaliza wenyewe. Na ikipanda, huenda kimefunguliwa kituo kipya cha polisi karibu na barabara.

Dalili ya hatari: tangazo linaloanza na vifo, likahamia kwenye ajali, likamalizia na makosa, kila kimoja na asilimia yake. Msikilizaji anaondoka na asilimia nzuri kuliko zote. Andika zote tatu, kila moja na mstari wake.

## Hatua ya 3: Geuza asilimia iwe watu, kisha pima mtikisiko

Hapa ndipo wengi hukwama, twende taratibu.

Vifo vikitoka 4 hadi 6 vimepanda kwa asilimia 50. Vikitoka 400 hadi 600 navyo vimepanda kwa asilimia 50. Kwa namba za wilaya moja, tuseme Newala au Liwale, asilimia ni kiini macho. Daima dai namba mbili zilizozaa hiyo asilimia.

Ukishazipata, uliza jambo la pili: je, tofauti hiyo inazidi mtikisiko wa kawaida? Hata barabara isipobadilika chochote, madereva wale wale, mwendo ule ule, vifo vya mwaka huu havitalingana na vya mwaka jana. Ni kama mnazi. Mwaka huu unakupa nazi nyingi, mwakani chache, na hujaugusa.

Kipimo rahisi ni hiki:

1. Jumlisha namba mbili.
2. Tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo.
3. Zidisha kwa 2.
4. Kama tofauti ya namba zako ni ndogo kuliko jibu hilo, usitangaze kwamba kuna kilichobadilika.

Mfano wa kubuni: vifo vimetoka 31 mwaka jana hadi 24 mwaka huu. Tofauti ni 7, sawa na asilimia 23. Inapendeza masikioni. Jumla yake ni 55, kipeuo chake ni kama 7.4, mara mbili ni karibu 15. Saba ni ndogo kuliko 15. Kwa hiyo ile "asilimia 23" inaweza kuwa mtikisiko mtupu. Lakini vingetoka 31 hadi 14, tofauti ingekuwa 17, na kipimo kingetoa kama 13. Hapo kuna jambo la kufuatilia.

Tahadhari kubwa. Kipimo hiki kinachukulia kwamba kila tukio linasimama peke yake. Vifo havipo hivyo: basi moja likipinduka linaweza kuua watu kumi kwa mpigo, na mwaka mzima ukaonekana wa balaa. Kwa hiyo omba idadi ya *ajali zilizoua*, siyo vifo pekee, na ufanye kipimo hapo. Kipimo pia kinakata pande zote. Usikitumie kuwapinga polisi wanaposema zimepungua, halafu ukakisahau wewe unapotaka kusema zimeongezeka.

## Hatua ya 4: Uliza nani anahesabiwa kuwa amekufa kwa ajali

Ukiwa na muda wa kuuliza swali moja tu, uliza hili.

Tuseme kijana wa bodaboda amegongwa na fuso jioni karibu na Nangurukuru. Trafiki wanafika, wanapima, wanaandika: majeruhi mmoja. Kijana anapelekwa hospitali ya wilaya ya Kilwa, Kinyonga. Hali inakuwa mbaya, anahamishiwa Sokoine mjini Lindi, kisha anapewa rufaa kwenda Muhimbili. Siku ya 11 anafariki Dar es Salaam. Anazikwa kwao Masasi.

Sasa kijana huyu yuko kwenye kitabu gani? Ajali ilitokea mkoa wa Lindi. Kifo kimetokea Dar es Salaam. Msiba uko mkoa wa Mtwara. Kuna aliyerudi Kilwa kufuta "majeruhi" na kuandika "marehemu"? Na kama namba ya nusu mwaka ilishasomwa mbele ya kamera, ilisahihishwa?

Shirika la Afya Duniani hutumia kipimo cha siku 30: mtu akifariki ndani ya siku 30 kwa sababu ya ajali, anahesabiwa kuwa kifo cha barabarani. Tangazo lisilosema limetumia siku ngapi halilinganishiki na lolote. Likihesabu waliofia eneo la tukio pekee, litakuwa dogo kuliko hali ilivyo, na sisi tulio mbali na hospitali kubwa tutapunjwa zaidi, maana wagonjwa wetu husafirishwa masafa marefu kabla ya mwisho wao kujulikana.

Ukubwa wa pengo si wa kubahatisha. Katika ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2018, idadi rasmi ya vifo vya barabarani Tanzania kwa mwaka 2016 ilikuwa zaidi kidogo ya 3,200. Makadirio ya shirika lenyewe kwa mwaka huo huo yalizidi 16,000.

Lakini pole pole hapo! Nimeona watu wakichukua namba hizi mbili na kuandika kwamba polisi "wamezika kimya kimya" watu 13,000. Si hivyo. Namba ya kwanza imehesabiwa mtu mmoja mmoja. Ya pili imekadiriwa kwa hesabu za kitaalamu, na ina kosa lake juu na chini. Usiigawe kwa mikoa ukapata "vifo halisi vya Mtwara". Pengo linakuambia kwamba swali la nani anahesabiwa ni zito. Halikuambii nani wa kushtakiwa.

Njia ya kupima pengo hapa kwetu ni kuomba jumla kutoka upande wa pili. Mwandikie mganga mfawidhi wa hospitali ya Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao, ukiomba idadi ya wagonjwa na vifo vya ajali za barabarani kwa miezi ile ile. Omba jumla tu. Vitabu vya wodini vina majina ya watu na maradhi yao, huna haki ya kuvifungua, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo.

Utajua umefaulu ukiwa na namba mbili za kipindi kimoja kutoka pande mbili. Zikipishana, usiruke juu. Kumbuka Ndanda iko Mtwara lakini haiulizi mgonjwa katoka mkoa gani kabla ya kumpokea.

## Hatua ya 5: Gawa kwa watu

Hii ni fupi. Kati ya sensa mbili, watu wa Lindi wameongezeka kwa asilimia 38 na wa Mtwara kwa asilimia 29. Namba za miaka ya mbali haziwezi kulinganishwa bila kugawa.

Gawa vifo kwa idadi ya watu, zidisha kwa 100,000. Mfano wa kubuni: Lindi ingekuwa na vifo 60 mwaka 2012 na 75 mwaka 2022, idadi imepanda kwa asilimia 25. Kwa kila watu 100,000, imeshuka kutoka 6.9 hadi 6.3. Zote mbili ni kweli. Anayekuonyesha moja tu, mwombe nyingine.

Tahadhari moja: watu si pikipiki. Korosho zikilipwa vizuri, Tandahimba na Newala boda mpya zinamwagika barabarani ndani ya wiki chache, wakati idadi ya watu ni ile ile.

## Hatua ya 6: Chunguza "chanzo" na "kutokana na"

Matangazo yetu huweka vyanzo kwenye mafungu matatu: makosa ya kibinadamu, ubovu wa vyombo, na mazingira ya barabara. Fungu la kwanza hushinda kila mwaka. Kabla hujakubali, uliza: nani alichagua fungu, alichagua lini, na je, ajali moja inaruhusiwa kuwa na vyanzo viwili?

Chukua gari lililoingia usiku kwenye lami iliyomegwa na maji, bila kibao wala taa. Dereva alikuwa kasi? Huenda. Lami ilikuwepo? Haikuwepo. Mwaka 2024, mwezi Mei, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara upande wa Somanga, kila mpita njia wa kusini alijifunza kwamba barabara nayo inaweza kukosea. Fomu yenye nafasi ya chanzo kimoja itamwandika dereva.

Uingereza waliliona hili. Kuanzia mwaka 2005 fomu ya polisi wao iliruhusu hadi vichangizi sita kwa ajali moja, na "kuvuka kikomo cha mwendo" kulitenganishwa na "mwendo usiofaa kwa hali ya barabara". Kwetu yote mawili huitwa mwendokasi. Na usiniambie "dereva alishindwa kulimudu gari" ni chanzo. Hilo ni tukio lenyewe kwa maneno mengine.

Sasa ile "kutokana na jitihada". Operesheni nyingi huanzishwa baada ya kipindi kibaya. Kipindi kibaya mara nyingi hufuatwa na chenye nafuu, operesheni iwepo isiwepo, kwa ule ule mtikisiko wa hatua ya 3. Uliza mambo mawili: je, wilaya ambazo operesheni haikufika nazo zilishuka? Na je, wamelinganisha miezi ile ile? Oktoba hadi Desemba kuna malori ya korosho, fedha mikononi na safari za mwisho wa mwaka. Ukiipambanisha na Februari, hata anayelala kazini ataonekana shujaa.

Sisemi operesheni hazisaidii. Nasema sentensi ile haijaonyesha kwamba zimesaidia.

## Hatua ya 7: Peleka maswali, si malalamiko

Andika barua kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa, nakala kwa Mkuu wa Usalama Barabarani wa Mkoa. Mtwara na Lindi ni mikoa miwili ya kipolisi, kwa hiyo ni barua mbili. Taja jina na anwani yako, na taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Inampa raia haki ya kuomba, na inawapa siku 30 za kujibu. Omba jumla, usiombe majalada, kwa sababu taarifa inayoweza kuvuruga upelelezi inaruhusiwa kukataliwa.

Maswali yasizidi matano. Haya yananifaa mimi:

> 1. Katika taarifa iliyotolewa tarehe fulani, naomba idadi ya ajali, ajali zilizoua, vifo na majeruhi, kwa kila mwezi, kwa mwaka huu na miaka mitano iliyopita.
> 2. Majeruhi akifariki hospitalini, anahesabiwa kuwa kifo hadi baada ya siku ngapi?
> 3. Akifariki nje ya mkoa, taarifa inarudije?
> 4. Ajali moja inaweza kuandikiwa vyanzo zaidi ya kimoja?
> 5. Kuna mabadiliko yoyote ya fomu au utaratibu wa kuandika ndani ya kipindi hicho?

Swali la 5 watu hulidharau. Fomu ikibadilika, majeruhi "mahututi" wanaweza kuongezeka kwa karatasi tu bila mtu mmoja zaidi kuvunjika mguu.

Peleka mwenyewe. Salimia, "habari za kazi, afande", kaa ukisubiri, hakikisha nakala yako imegongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila mhuri huna siku 30, una hadithi. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kisha omba mapitio kwa mkuu wa taasisi.

Usifanye hivi: kumrekodi ofisa kwa siri, au kumuuliza mbele ya wenzake "kwa nini mlidanganya". Umefunga mlango kwako na kwa atakayekuja baada yako.

## Hatua ya 8: Andika ulichopata bila kujitia matatani

Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yaliwatisha wengi, kwa kuwa yalifanya kosa kuchapisha takwimu zinazopingana na zile rasmi. Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena na kosa hilo likaondolewa. Bado ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayoadhibu kusambaza taarifa za uongo. Kwa hiyo weka namba yao kama ilivyo, weka hesabu yako hatua kwa hatua ili msomaji airudie, na tenganisha ulichohesabu na unachohisi. Majina ya waliofariki usiyaguse.

Kwa mfano wetu, ningeandika hivi: "Polisi wametaja vifo 24 dhidi ya 31. Upungufu huo ni mdogo kuliko mabadiliko ya kawaida ya mwaka hadi mwaka, na taarifa haisemi kama waliofia hospitalini wamo." Sentensi mbili. Hazimtukani mtu, na hakuna wa kuzikanusha bila kutoa namba zaidi, ambazo ndizo ulizokuwa ukizitafuta.

Na kama majibu umepewa kwa mdomo, mwombe ofisa umsomee ulichoandika kabla hujanyanyuka. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, afande alinisikiliza hadi mstari wa pili, akanyoosha kidole kwenye kaunta buku langu: "Hapo futa. Nilisema ajali, nilimaanisha majeruhi."